Thelathini kwa Kila Mia

Mama alikula plamu tatu amesimama,
mbele ya afisa wa forodha na mbwa wake,
juu kule milimani ambako Argentina inaishia,
maana matunda hayaruhusiwi kuvuka
naye hakuwa tayari kumwachia mtu plamu za mti wake.
Maji yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko.
Mbwa akamtazama. Mama akamwonyesha kokwa.
"Hizi hazina kodi," akasema,
akapanda basi.

Mkobani: kitambulisho, vidonge vya presha,
daftari la shule lenye picha ya farasi,
na kadi ya benki iliyofungwa kwenye leso
kama jino la mtoto.
Sharti la kadi alilijua kwa moyo:
ukinunua ng'ambo, serikali ya kwenu inaongeza
thelathini kwa kila mia.
Si kulekule. Kulekule watakuuzia wakicheka.
Ni nyumbani, mwisho wa mwezi,
ndipo bei inapovua kofia.

Nilikuwa nampeleka kuona bahari.
Hortensia Bazán, miaka sitini na minane,
thelathini na mmoja kati ya hiyo akipanga zabibu kwenye makasha,
hajapata kuona maji yasiyo na upande wa pili.

Santiago tulipita tukiandika.
Viatu: elfu ishirini na nne.
Chini yake, kwa penseli: elfu saba na mia mbili.
Viatu vikarudi kwenye rafu.
Kahawa tulinywa moja, vijiko viwili.
Sweta la buluu alilishika muda mrefu,
muuzaji akaenda kumhudumia mwingine, akarudi,
bado amelishika.
Watu wa kwetu walijaa tele dukani,
wakisukuma televisheni kwenye vitoroli,
wakiambiana kwamba hata na kodi juu, huku ni nafuu.
Huenda ni kweli. Sikupiga hesabu.
Haba na haba hujaza kibaba;
aliyesema hivyo hakututajia kibaba cha nani.

Kisha Concón, na upepo.
Mama alivua viatu vyake vya zamani, akavishika mkononi,
akasimama pale mawimbi yanapochoka.
Hakusema neno.
Baada ya muda akatoa daftari,
akaandika tarehe, akaandika *bahari*,
na mahali pa kodi akachora kistari.
Akakikodolea macho kile kistari
kama anayengoja mtu aje kukisahihisha.

Njaa ndiyo iliyotusaliti.
Mama Maruja wa kibandani hakutaka noti zetu:
"Peso za kwenu nitampa nani? Kadi."
Leso ikafunguliwa, fundo kwa fundo.
Mashine ikalia mlio mdogo, wa adabu.
Basi Mama akala samaki yule,
kisha akala na kodi yake:
ngozi, mapezi, mashavu, macho,
akanyonya uti wa mgongo mpaka ukawa kitana.

Mwezi ulipoisha, benki ikaleta karatasi.
MARUJA CONC, iliandika, herufi zikamwishia.
Mstari wa chini yake: tozo.
Nilidhani atakasirika.
Akaibandika kwenye jokofu kwa sumaku ya zabibu.
"Hata serikali inajua nilifika," akasema.

Mimi ndiye niliyedai turudishiwe, kwa kuwa sheria inaruhusu
kwa wenye pensheni ndogo kama yake.
Fomu, nywila, fomu nyingine.
Tukangoja majira ya baridi yote, na mavuno yakafuata.
Pesa zilirudi, senti kwa senti, hakuna aliyeiba,
ila zilikuwa zimezeekea njiani.
Zilitosha nusu kilo ya majani ya mate.

Mama akachemsha maji, akainywa chungu, bila sukari,
dirisha likiwa wazi upande wa milima,
akaniuliza kama leo, kule Concón,
nadhani kuna upepo.